Chogo, Chenga na King'amuzi

Zamani mteja wa Lushoto alipomwambia fundi kuwa televisheni yake ina chenga, fundi hakuuliza zaidi. Chenga ni punje za mchele zilizovunjika, na vitone vyeupe na vyeusi vinavyochemka kwenye kioo hufanana nazo kabisa. Hutokea wimbi linapofika likiwa hafifu, na milima ya Usambara ina kila sababu ya kulidhoofisha. Mawimbi ya televisheni husafiri kwa mstari ulionyooka. Mgongo mmoja wa mlima ukikaa kati ya mnara na nyumba, basi. Ndiyo maana huku dishi limeishinda antena. Setilaiti iko takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, hata aliye bondeni Soni huipata mradi miti isimzibe. Antena yenyewe, kwa Kilatini cha kale, ilikuwa foromali: mti unaobeba tanga la chombo.

Televisheni "ya rangi" ilianza Zanzibar mwaka 1973, miaka mitatu kabla ya Afrika Kusini kuwa na televisheni yoyote. Bara ilingoja vituo vyake hadi 1994. Rangi ni neno la Kiajemi, lililofika kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Kioo huchanganya tatu tu, na majina yake yana asili tofauti: nyekundu ina mzizi wa Kibantu, kijani imetoka kwenye jani, bluu tumeichukua kwa Waingereza. Hata sarufi inazitofautisha. Tunasema shati jekundu na kitambaa chekundu, lakini kijani na bluu hazibadiliki.

Neno ninalolipenda zaidi ni chogo. Televisheni ya chogo ina kisogo kilichotokeza, na hakikuwekwa kwa urembo: ndani yake mna shingo ya kioo inayorusha elektroni mbele ili ziwashe vitone vya rangi hizo tatu, na miale ya elektroni hizo inahitaji nafasi ya kupindwa hadi kila pembe ya kioo. Zilipokuwa zote hivyo, hakuna aliyesema chogo. Jina lilihitajika zilipokuja bapa. Kinyume chake, "ya rangi" inatoweka midomoni, kwa kuwa siku hizi hakuna dukani isiyo ya rangi.

King'amuzi kimetokana na kung'amua, kutambua kilichofichika, na mtungaji wake anastahili pongezi, maana ndiyo kazi ya kifaa hicho hasa: kugeuza tarakimu kuwa picha na sauti. Neno lilienea mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012. Chenga zikaondoka nayo. Picha ya dijitali haififii kidogo kidogo. Mvua kubwa ikishuka juu ya msitu wa Magamba, picha inakatika vipande vya mraba, inaganda, kisha inapotea yote. Malalamiko kwa fundi nayo yamebadilika: "Inaganda."