Andika Maneno ya Shikome

Ndugu msomaji wa Mwamapalala na vijiji vya jirani, unakumbuka shikome? Ni ule moto wa jioni uani. Wazee waliota moto, vijana wakasikiliza. Hapakuwa na ubao wala chaki. Watu walifundishwa kwa hadithi, vitendawili na methali.

Methali moja ya Wasukuma inasema: "Nilikuonyesha nyota, wewe ukatazama ncha ya kidole changu." Tuseme mzee anamwambia kijana, "Pamba ya jirani imepaliwa mapema." Kijana anajibu, "Ndiyo, jirani ana watoto wengi." Mzee hagombani naye. Anasema methali hiyo, basi. Kijana anatambua kuwa mzee alikuwa akisema juu ya shamba lake yeye, lenye magugu.

Nyingine inasema: "Kuku mwenye vifaranga hamezi mdudu." Mimi naona inamfaa sana baba anayemaliza fedha za pamba kilabuni. Tena kuna hii: "Goti moja halilei mtoto."

Siku hizi shikome ni chache. Methali inayojulikana na mzee mmoja tu huzikwa pamoja naye.

Watu wa Ayalandi, nchi ya wakulima na wafugaji huko Ulaya, waliliona jambo hili mapema. Kati ya mwaka 1937 na 1939, watoto wa shule za msingi wapatao 50,000 waliwauliza wazee wao, wakaandika majibu katika daftari. Maandishi hayo yapo mpaka leo katika mji wa Dublin. Methali moja ya nchi hiyo inasema kuwa watu huishi kwa kukingana. Je, si ndugu yake goti moja?

Nawe sasa unajua kuandika. Chukua daftari. Andika methali kwa Kisukuma, kama mzee alivyoisema. Tumia herufi ulizojifunza kwa Kiswahili. Ng' ya ng'ombe ni ile ile. Chini yake andika ilisemwa lini, nani alikuwa akionywa, na kwa kosa gani. Usipoandika hayo, mjukuu wako ataona kidole tu.

Anza na mzee aliye karibu. Mwendee jioni, kazi zikiisha. Ukimaliza kuandika, msomee polepole. Akisema umekosea, futa, uandike tena.