Wakipatana Wanandoa, Kesi ya Serikali Huenda Wapi?

Katika Mahakama Kuu ya Delhi, na katika Mahakama Kuu nyingine za Bara Hindi, hutokea mara kwa mara jambo ambalo mgeni asiyejua mwanzo wake angelidhani ni biashara. Mwanamume na mwanamke waliokwisha achana husimama mbele ya jaji, kila mmoja na wakili wake, na wakili wa mume hutoa hundi ya benki ndani ya bahasha, akamkabidhi wakili wa mke, naye akalisoma jina na kiasi, kisha akampa bibi mwenyewe aitazame kwa macho yake. Hapo jaji humwelekea yule bibi na kumwuliza kama amepatana kwa hiari yake, pasina kushurutishwa na mtu, na kama yu radhi kesi ile ifutwe. Akijibu kwamba yu radhi, na jaji akaridhika na jawabu lake, kesi ya jinai iliyomsumbua mume, na mama yake, na pengine dada zake walioolewa miji ya mbali, kwa muda wa miaka kadha wa kadha, hukatika siku hiyo hiyo.

Ajabu ya jambo hili haionekani mpaka mtu akumbuke kwamba kesi ya jinai si mali ya aliyeshtaki. Mtu akimdai mwenzake fedha aweza kumsamehe akitaka, maana deni ni lake. Ama mwenye kupigwa au kuteswa, akisha kupeleka habari zake polisi na taarifa ikaandikwa, shauri huwa la Serikali, na yeye hubaki shahidi. Basi itakuwaje watu wawili, kwa sababu tu wamegawana vyombo na kupeana talaka, wakizime kile ambacho Serikali imekiwasha?

Ili kulifahamu jawabu lake ni lazima kwanza tuijue sharia yenyewe na machungu yaliyoizaa. Kwetu pwani mahari hutoka kwa mume kwenda kwa mke, na ni haki yake. Walakini *dahej* ya Bara Hindi hutoka kwa wazazi wa bibi arusi kwenda kwa mume na aila yake, na ingawa ilipigwa marufuku kwa sharia ya mwaka 1961, desturi haikukoma. Katika miaka ya sabini na mwanzo wa miaka ya themanini magazeti ya huko yalijaa habari za wake vijana walioungua jikoni kwa mafuta ya taa, ikasemwa kila mara kuwa jiko limelipuka, ilhali majirani walijua kwamba wakwe walikuwa wakidai pikipiki, au dhahabu zaidi, au fedha za kufungulia duka, na wazazi wa binti wameshindwa kutoa. Wanawake waliandamana, na Bunge likaitika: mwaka 1983 kikatiwa katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 498A, kinachompa mume au jamaa yake amtendeaye mke ukatili adhabu ya kifungo hata miaka mitatu pamoja na faini, na mwaka 1986 kikafuata kifungu kingine juu ya mauti ya mke yatokanayo na dahej. Aghalabu pamoja na kesi ya 498A hufunguliwa ya khiyana ya amana, kwa kuwa vito na vyombo alivyopewa bibi arusi ni mali yake mwenyewe, nao wakwe wakivizuia wamekula amana.

Sasa, sharia ya mwenendo wa jinai ya nchi ile inayo orodha, iliyokuwa katika kifungu cha 320, ya makosa ambayo mdhulumiwa aweza kuyamaliza kwa kupatana na aliyemdhulumu, na 498A haimo katika orodha hiyo. Haikusahauliwa. Watunga sharia waliogopa, na hofu yao ilikuwa na msingi, kwamba mke akiachiwa mlango wa kusamehe, jamaa wa mume watamkalia kitako usiku na mchana mpaka apite humo.

Walakini ndoa nyingi zilizofika polisi hazikuishia jela wala hazikurudi nyumbani; ziliishia katika talaka ya maridhiano. Sharia ya Ndoa za Wahindu ya mwaka 1955, kwa kifungu kilichoongezwa mwaka 1976, huwaruhusu wanandoa waliotengana mwaka mzima kuomba talaka kwa pamoja, kisha wakangoja miezi sita na kuomba tena. Wanapoketi wazee na mawakili kuandika mapatano, huandika yote: fedha atakazolipwa mke, mtoto atakaa wapi, nani atarudisha masanduku na vikuku. Na mume hatii sahihi hata aahidiwe jambo moja la mwisho, nalo ni kwamba kesi ya jinai itakwisha. Ahadi hiyo mke hakuweza kuitimiza, kwani ufunguo haukuwa mkononi mwake. Basi ikawa talaka imetoka, mke amekwisha olewa kwingine na hataki hata kusikia jina la mume wa kwanza, na huku bibi kizee wa miaka sabini, mama wa mume, bado anapanda basi kwenda mahakamani kila inapotajwa tarehe, kungojea shahidi ambaye hatakuja, na akija hatasema neno.

Shauri lililoufungua mlango huo lilitoka Haryana, likafika Mahakama ya Juu ya India mwaka 2003. Wanandoa walikuwa wameoana mwaka 1999, wakatengana mwaka 2000, na mke akafungua mashtaka mwaka 2002. Kisha wakapatana, na mke mwenyewe akala kiapo cha maandishi kuomba kesi ifutwe. Mahakama Kuu ilikataa, ikasema kosa lisilosuluhishika haliwezi kufutwa kwa suluhu. Jaji Y. K. Sabharwal, akiiandika hukumu ya Mahakama ya Juu, alitenganisha mambo mawili ambayo watu walikuwa wakiyachanganya. Kupatana kwa mujibu wa orodha ni haki ya wenye ugomvi, na haki hiyo ina mipaka yake. Ama kuifuta kesi ni uwezo wa asili wa Mahakama Kuu yenyewe, uliohifadhiwa katika kifungu cha 482, wa kuzuia mwendo wa mahakama usitumiwe vibaya na kuhakikisha insafu inatendeka. Orodha haiufungi uwezo huo. Tena, alisema, kuishika sharia kwa ugumu wa herufi zake katika mambo kama haya kungewadhuru wanawake wale wale ambao sharia ilitungwa kuwalinda, kwani kungewazuia wasipatane mapema.

Majaji wengine walikuja kuitilia shaka rai hiyo, na mwaka 2012 jopo la majaji watatu likalikata neno. Jaji R. M. Lodha aliandika kuwa uwezo huo upo, lakini si wa makosa yote: uuaji, kunajisi na ujambazi ni madhara kwa umma mzima, na hayafutwi hata ndugu wa marehemu wakikubali fedha, bali ugomvi ambao asili yake ni ya watu wenyewe kwa wenyewe, na ndoa imo miongoni mwake, waweza kufutwa iwapo suluhu ni kamili na hukumu ya kumtia mtu hatiani haitarajiwi tena. Mwaka 2023 majaji watano wa Mahakama ya Juu waliongeza kwamba wao, kwa uwezo waliopewa na Katiba, waweza kutoa talaka na kuzifuta kesi zote zilizoambatana nayo kwa amri moja, ili watu wasiranderande kutoka mahakama hii hadi ile.

Mimi naona hukumu hizo ni za haki, na hata hivyo sizisomi kwa moyo mtulivu kabisa. Naifikiria siku ile ya bahasha. Jawabu la kuridhia ni neno jepesi, na mwanamke aliyekaa miaka minne katika nyumba ya baba yake, akihesabiwa sahani ya wali na wake za kaka zake, aweza kulitamka mbele ya jaji kwa sababu amechoka, wala si kwa sababu ametendewa haki. Mawakili wanalijua hilo, na walio wema miongoni mwao wamezoea kuyagawa malipo mafungu matatu: fungu moja talaka inapoombwa mara ya kwanza, la pili inapoombwa mara ya pili, na la mwisho halitoki mkononi mwa mume ila siku ya kufutwa kesi, mbele ya jaji. Kwa mpango huo kila mmoja ana cha kupoteza akimdanganya mwenziwe. Jimbo la Andhra Pradesh lilishika njia nyingine: liliitia 498A katika orodha ya makosa yasuluhishikayo, lakini kwa sharti kwamba ipite miezi mitatu tangu ombi la suluhu lipelekwe mahakamani, na asiwepo katika muda huo aliyerudi nyuma. Sharti hilo nalipenda sana. Miezi mitatu yamtosha mtu kuondoka chini ya jicho la wakwe, akalala, akaamka, akajiuliza tena.

Mambo haya si mageni kwetu kama yanavyoonekana. Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860 ndiyo iliyotumika Kenya na Tanganyika hadi mwaka 1930, serikali ya kikoloni ilipoleta kanuni nyingine. Na leo kifungu cha 176 cha sharia ya mwenendo wa jinai ya Kenya, na kifungu kama hicho cha Tanzania, humpa hakimu idhini ya kuwahimiza watu wapatane katika shambulio la kawaida na makosa ya kibinafsi yasiyo mazito, kisha akaiondoa kesi. Mke aliyepigwa na kwenda polisi, kisha akarudi kituoni na shangazi yake kusema wamekwisha malizana nyumbani, yuko katika kila mji wetu. Tofauti ni kwamba kule India, kwa kuwa kosa limewekwa nje ya orodha, suluhu haina budi ipande hadi kwa jaji wa Mahakama Kuu, isomwe, iulizwe maswali. Na kwetu mara nyingi huishia juu ya meza ya askari, pasipo mtu wa kumwuliza mke kama yu radhi, wala kama amelipwa.

Tangu tarehe 1 Julai 2024 India inatumia kanuni mpya, na nambari zimebadilika: 498A imekuwa 85 na 86, na 482 imekuwa 528. Maneno ni yale yale karibu, na bahasha ni ile ile. Lipo jambo moja tu ambalo halifutwi na bahasha hiyo, nalo mahakama imelisema waziwazi: baba na mama waweza kusameheana madai yao yote, lakini haki ya mtoto juu ya baba yake si yao kuisamehe. Mke aweza kuandika kwamba hatadai kitu tena maisha yake, akatia sahihi, na kesi ikafutwa. Mtoto aliyekaa benchi la nyuma na nyanya yake, akingojea waondoke, hakutia sahihi, na siku yoyote aweza kurudi mlangoni hapo kudai matunzo yake.