Kidato cha kwanza, na ufunguo wa chumba mfukoni

Ukisimama barabarani Tunduma, mita chache kutoka mpakani, saa ya dukani inasoma saa moja asubuhi. Ng'ambo, Nakonde, ni saa kumi na mbili. Zambia iko nyuma yetu kwa saa nzima, na simu inayojipanga saa yenyewe ikidaka mnara wa huko hurudi nyuma bila kumuuliza mwenye nayo. Mwanafunzi anayetegemea simu ya kaka yake imwamshe anaweza kufika shuleni paredi imeshavunjwa, akamwambia mwalimu wa zamu kwamba saa ilimdanganya, na akawa anasema kweli.

Hata hivyo, kwa wengi wanaosoma sekondari mkoani Songwe, kuamka ni kazi nyepesi. Kazi ipo kwenye yanayofuata.

Kila msimu wa mahafali, wageni rasmi huwaambia wanafunzi wajitambue, wapange malengo, wathamini muda, waepuke makundi mabaya. Maneno mazuri, ila husemwa kana kwamba kila anayesikiliza atarudi nyumbani akute chakula kimeiva. Wapo wengi ambao jioni hawarudi nyumbani. Wanarudi geto.

Geto ni chumba cha kupanga karibu na shule, mara nyingi kimoja kwa wanafunzi wawili au watatu. Kimeletwa na umbali. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulisukuma kila kata iwe na sekondari yake, na shule zikaota kwa kasi. Mabweni hayakwenda kwa kasi hiyo. Kata za Momba na za Wilaya ya Songwe ni pana, vitongoji vimetawanyika, na mvua zikikaza njia za kwenda shule hukatika. Mwaka 2016, mwaka uleule Songwe ilipomegwa kutoka Mbeya ikawa mkoa, elimu bila ada hadi kidato cha nne ilianza kutekelezwa. Kodi ya chumba haikufutwa, wala bei ya mkaa. Mzazi akipiga hesabu zake anampangia mwanawe chumba Mlowo, Vwawa au Mpemba, anamwachia godoro, sufuria, dumu la maji na ufunguo. Mtoto ana miaka 14.

Tuanze na unga, maana ndiko wengi wanakofeli kabla hawajafeli hesabu. Januari mtoto huletwa na unga wa mahindi yaliyovunwa katikati ya mwaka uliopita. Nyumbani ghala limeshapungua, na mahindi mapya yatasubiri hadi Mei au Juni. Kwa hiyo kiroba cha kilo 20 kinachoshushwa kwenye bodaboda siku hiyo si cha kuchezea. Vijana wawili wakisonga nusu kilo kila jioni, kitawafikisha siku 40. Lakini nani anasonga nusu kilo wiki ya kwanza? Kiroba kikiwa kimejaa, mkono unakuwa mwepesi, rafiki wa chumba cha pili anakaribishwa, ugali wa mchana wa Jumamosi unaongezeka, uji wa asubuhi nao unadai haki yake. Wiki ya tatu wanaanza kukopa, na wiki ya nne mmoja wao haonekani darasani. Ameenda kutafuta.

Wazoefu wa geto wana dawa yao. Siku ileile unga unapofika wanaugawa katika mifuko minne, wanaifunga kwa kamba, na mitatu wanampelekea mama mwenye nyumba awatunzie. Kila Jumapili jioni wanachukua mmoja. Ukiisha Alhamisi, Ijumaa watalalia viazi vya kuchemsha, na wiki inayofuata mwiko utakuwa na adabu. Tazama vizuri walichokifanya. Hawakuapiana kula kidogo. Wameuweka unga mbali na macho yao na wakamshirikisha mtu mzima. Nguvu ya kujizuia hawaihitaji kila jioni wakiwa na njaa. Waliihitaji mara moja, siku ya kugawa, wakiwa wameshiba.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo ulipo ujuzi wote wa kujisimamia, na ndipo hotuba za mahafali zinapopotea. Tunamhubiria mtoto moyo wa chuma wakati anachohitaji ni utaratibu unaombana hata siku moyo umelegea.

Pesa nayo inataka mbinu hiyohiyo, ila Tunduma pesa ina vishawishi vyake. Malori yanayobeba shaba na mafuta kati ya bandari ya Dar es Salaam na Zambia na Kongo hupita hapa. Foleni ikikaza, madereva hukaa, na dereva aliyekaa anataka maji, anataka chapati, anataka mtu wa kumfulia. Kuna mizigo ya kubeba, kuna bidhaa za kuvusha, kuna kwacha za kubadilisha. Wapo vijana wa mji huu wanaogeuza kwacha kuwa shilingi kichwani kwa kasi ya kumwaibisha mwalimu wa hesabu, na sitabisha ukiniambia kwamba hiyo nayo ni elimu. Tatizo ni kwamba pesa ya mpakani inalipa leo jioni, ilhali cheti cha kidato cha nne kinalipa baada ya miaka minne, kama kitalipa. Kijana mwenye njaa akipima mizani hiyo, usishangae inavyolalia. Halafu kuna mkeka. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kubeti, lakini simu ya kaka haiulizi umri wa anayeishika.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha jaribio dogo ambalo wazazi wa geto wangefaa kulisikia. Watoto wa umri wa chekechea walipewa vifaa vya kuchorea, kisha mtu mzima akaahidi kuwaletea vilivyo bora zaidi. Kundi moja aliwaletea kweli. Kundi la pili alirudi mikono mitupu akaomba radhi. Baadaye kila mtoto aliwekewa peremende moja mezani, akaambiwa asipoila hadi mkubwa arudi ataongezewa ya pili. Waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa walingoja dakika tatu. Watoto walikuwa walewale kwa umri, na peremende ni ileile. Kilichotofautiana ni mkubwa waliyekutana naye.

Sasa mfikirie baba wa Kamsamba aliyemwambia mwanawe, "Ijumaa nitakutumia ya mkaa kwenye simu ya mama mwenye nyumba." Ijumaa inapita. Jumatatu inapita. Mtandao ulisumbua, au mpunga haukupata mnunuzi. Sababu zipo na ni za kweli. Lakini mtoto amejifunza jambo: pesa ikija, itumie, maana ya pili haijulikani. Mwezi ujao akitumiwa shilingi elfu kumi na kuzimaliza kwa siku mbili, tutamwita mbadhirifu. Kwa mazingira alimolelewa, amepiga hesabu sahihi kabisa.

Kwa msichana, mzigo ni mwingine, na hapa lugha ya kujisimamia huanza kunuka uonevu. Anaambiwa ajitunze, ilhali mlango wake una komeo la ndani linalotikisika na choo kipo nyuma ya nyumba, gizani. Anayemletea sukari na vocha ni mtu mzima anayejua siku gani unga wake umekwisha. Tangu 2016 Sheria ya Elimu inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu msichana aliyekatiza masomo kwa sababu hiyo arudi shule. Hatua zote mbili ni za maana, ila zote huja baada ya maji kumwagika. Kitasa kizuri, taa ya sola na bweni huja kabla. Wazazi na viongozi wa kata wanaochangishana kujenga hosteli ya wasichana wanafundisha nidhamu kuliko mtoa mada yeyote niliyewahi kumsikiliza.

Kuhusu kujisomea nitasema kwa ufupi, maana ukishapata unga, mkaa na mlango unaofungika, sehemu kubwa imefanyika. Anayetoka shule saa tisa alasiri akaanza na dumu la maji (na Tunduma maji ni shida ya miaka mingi), akawasha jiko, akapika, akaosha vyombo, hufungua daftari akiwa ameshachoka. Afadhali afungue kabla ya kuwasha jiko, hata kwa nusu saa, na wapokezane: mmoja apike leo, mwenzake asome, kesho wageuze. Somo lililopitiwa leo na tena baada ya siku tatu hukaa kuliko lililokeshewa usiku mmoja wa Novemba. Kwa mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili na sasa anameza biolojia kwa Kiingereza, hiyo nusu saa ya kila siku na kamusi haina mbadala.

Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alikuwa anaona shule inayolima, inayovuna na kula pamoja. Sidhani kama alimwona mtoto mmoja na kiroba chake. Lakini kwa kuwa geto lipo, na halitaondoka mwakani, walimu wa malezi wangeanza Januari kwa kipindi kimoja tu cha kugawa unga na kupanga bajeti ya mwezi, kabla ya kauli mbiu yoyote. Wenye nyumba nao waitwe kwenye kikao cha wazazi, kwa sababu ndio wazazi wa jioni.

Na wewe mzazi uliyepangisha chumba Mlowo au Tunduma: ukiahidi Ijumaa, piga simu Ijumaa. Kama pesa haikupatikana, mwambie haikupatikana, na mwambie unaitazamia lini.