Laptopu ya Linux, ruta na lawama za Lubumbashi

Lubumbashi, intaneti ikisuasua, lawama hazikosi pa kwenda: kampuni ya simu, na isipokuwa hiyo, SNEL na umeme wake unaokatika. Mara nyingi ni lawama za haki. Lakini mwenye laptopu ya Linux, hasa ile iliyokwisha kutumika Ulaya kabla ya kuuzwa mjini, ana mshukiwa mwingine karibu zaidi, naye ni kadi ya wifi iliyo chini ya vidole vyake.

Kipimo cha kwanza hakili mega hata moja. Amri ya ping ikielekezwa kwenye anwani ya ruta yenyewe, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, haitoki nje ya nyumba. Majibu yakirudi kwa milisekunde chache, hewani ni salama. Yakirudi kwa mamia, na mengine yasirudi kabisa, kumpigia simu mtoa huduma ni kupoteza salio.

Ubuntu, mfumo wa Linux ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, huipa kadi ruhusa ya kusinzia ili kutunza betri. Kadi nyingine husinzia hata wakati wa kazi. Dawa imo katika folda ya /etc/NetworkManager/conf.d, kwenye faili default-wifi-powersave-on.conf: tarakimu 3 inayofuata wifi.powersave inageuzwa kuwa 2, kisha NetworkManager inawashwa upya. Katika mji wenye giza la mara kwa mara, mtu atauliza betri itakuwaje. Itapungua kidogo, lakini mwanga wa kioo ukishushwa, pengo linazibika.

Kisa cha ajabu zaidi ni cha kadi ya Realtek RTL8723BE, iliyomo katika laptopu kadhaa za HP. Kadi ina matundu mawili ya antena, lakini katika nyingi kati ya hizo kiwanda kiliunganisha waya mmoja tu, na Linux huenda ikasikiliza tundu lisilo na kitu. Mtu akikaa kando ya ruta, mambo yako sawa. Akihamia chumba cha pili, mawimbi yanapotea. Mstari mmoja ndani ya /etc/modprobe.d, options rtl8723be ant_sel=2, unaielekeza kadi kwenye tundu lingine. Ikikataa, hujaribiwa 1 badala ya 2. Si mteja wala mtoa huduma aliyekosea hapo.

Broadcom, watengenezaji wengine wa kadi za wifi, nao waliwatesa watu. Kwa miaka mingi hawakutoa maelezo ya kadi zao, hata wajitolea wakazichunguza wenyewe kutoka nje na kuandika programu ya b43. Mwaka 2010 kampuni ilitoa programu yake huria, ila kwa baadhi tu ya kadi. Za zamani bado hudai kipande cha programu kinachopakuliwa mtandaoni, yaani wifi inahitaji intaneti ili ianze kufanya kazi. Njia ya kutokea ni simu: inaunganishwa kwa waya wa USB, inagawa mega zake, na kipande kinapakuliwa.

Kuta pia zina sehemu yao. Matofali ya Katanga, mengi yakitokana na udongo wa vichuguu, hudhoofisha masafa ya GHz 5 kuliko 2.4. Lakini 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na majirani wote wanazigombea. Ruta ikihamishwa kutoka sebuleni hadi korido, tofauti huonekana mara moja.

Ruta ikijibu haraka na kurasa bado zikazubaa, programu ya mtr huonyesha safari kituo kwa kituo. Sehemu ya data ya mji huu hupitia Kasumbalesa kuingia Zambia, na milisekunde zinazoliwa huko haziondolewi kwa mpangilio wowote wa laptopu. Sasa ndipo simu kwa mtoa huduma ina maana, tena mteja akiwa na matokeo ya mtr mkononi.