Mpiga Ngoma Aliyevunjika Mkono



Kwetu Mkolani, mpiga ngoma wa kwaya akivunjika mkono, habari huenea upesi kabla ya Dominika. Mmoja ameanguka kutoka mwembeni, mwingine ameteleza juu ya mawe ya vilima vyetu, mwingine ameangushwa na pikipiki. Na watu huuliza nini? "Atapiga lini tena?"

Swali hilo huwaponza vijana wengi. Kijana anaona mwezi wa Juni unakaribia na sikukuu ya Bulabo kule Bujora, ile iliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari wa Kanada. Bagika na Bagalu watashindana kucheza, naye ameketi na plasta. Basi hushika kisu akaikata mwenyewe. Hapo ndipo taabu huanza.

Mfupa huungaje?

Mfupa ukivunjika, damu hukusanyika mahali pale. Katika majuma ya kwanza hutokea kitu laini kinachoshika vipande viwili, na polepole kitu hicho hugeuka kuwa mfupa mgumu. Kwa mtu mzima kazi hii huchukua kwa kawaida majuma 6 mpaka 12. Watoto hupona upesi zaidi. Wengi hudhani kwamba plasta ndiyo dawa. La, sivyo. Plasta hushika tu vipande visicheze, mwili wenyewe ndio unaounga. Anayeitoa mapema aweza kupata mfupa uliopinda, au usiounga kabisa.

Mambo ya kuepuka

Mkono uliovunjika usivutwe wala usikandwe. Tena usifungwe kwa fito zilizokazwa sana, maana damu ikizuiwa, nyama hufa, na mwisho daktari hana budi kuukata mkono ambao ungepona. Anza na zahanati iliyo karibu. Wao watajua kama yafaa upelekwe Bugando.

Ukisha kufungwa plasta, angalia vidole vyako kila siku. Vikivimba sana, vikiwa vya baridi, vikibadilika rangi au kufa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, rudi hospitali siku ile ile, hata usiku. Usiiloweshe plasta, wala usichokoe ndani kwa kijiti kwa sababu ya kuwashwa.

Kazi ya siku za plasta

Usilale tu. Kama daktari hakukataza, kunja na kukunjua vidole mara nyingi kwa siku, na bega lisikae bila kutumika. Kula vizuri: dagaa wa ziwa letu huliwa pamoja na mifupa yao, nao hujenga mifupa yetu, ongeza maziwa, mayai na maharage. Sigara uiache, maana huchelewesha mfupa kuunga.

Tena unalo sikio, na ngoma hukaa sikioni kabla ya kufika mkononi. Mzee Morris Nyunyusa alikuwa kipofu, lakini mlio wa ngoma zake ulitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania kwa miaka mingi. Uingereza, Rick Allen wa kundi la Def Leppard alipoteza mkono wa kushoto katika ajali ya gari tarehe 31 Desemba 1984. Alijifunza kupiga kwa mguu sehemu za mkono ule, na mwaka 1986 alirudi jukwaani. Wewe utarudishiwa mkono wako. Basi, waite vijana wawili, waimbie mpigo kwa mdomo, waonyeshe kwa mkono mzima. Ukipona, kwaya itakuwa na wapigaji watatu.

Siku ya kurudi

Plasta ikitolewa, usishangae: mkono utakuwa mwembamba, na kifundo kitakuwa kigumu. Fanya mazoezi utakayoelekezwa. Finya kitambaa kilichoviringishwa. Halafu piga juu ya paja au mto, dakika chache tu. Daktari akikuruhusu, ndipo uende kwenye ngoma, kwanza kwa kiganja polepole, kisha wimbo mmoja, kisha miwili. Fimbo ziache mpaka mwisho, kwa kuwa kila pigo lake hutikisa kifundo. Mkono ukiuma mpaka kesho yake, umezidisha, punguza.

Nasi majirani tunao wajibu. Mara nyingi kinachomfanya mtu akate plasta si ngoma, ni magugu. Shamba lake haliwezi kungoja majuma 12, na watoto wanataka kula. Nzengo ikitoka asubuhi moja na majembe, na jumuiya ikimchotea maji mkewe, mgonjwa atapata moyo wa kungoja.

Kwa hiyo, mpiga ngoma wetu akivunjika mkono, tusianze kwa kuuliza atapiga lini. Tuulize kwanza ni nani atakayempalilia.