Lita Moja Ni Kiasi Gani?

Tangu mwaka 1978 kipindupindu kimejulikana katika pande hizi za ziwa Tanganyika, na Uvira ni mmojawapo wa miji ambayo chairudia mara kwa mara. Mabomba yakikauka, watu huchota maji mtoni na ziwani. Ugonjwa huu huua upesi: aliyeamka mzima leo aweza kuzikwa kesho, kwa kuwa mwili umeishiwa maji na chumvi. Lakini msaada wake wa kwanza ni mwepesi: kumnywesha mgonjwa maji yenye chumvi na sukari mara tu aanzapo kuhara, na kumpeleka hospitalini bila kukawia.

Ikiwa ni mwepesi, mbona watu hufa? Sababu ni nyingi: umbali, maji machafu, vita. Leo twataka kusema juu ya moja tu, yaani maneno yasiyofahamika.

Tuseme mama wa Kavimvira amepewa pakiti ya chumvi ya kuharisha, nayo imeandikwa Kifaransa. Mwuguzi amwambia, “Changanya yote katika lita moja.” Mama aitikia “Ndiyo” kwa heshima, aenda zake. Nyumbani hana kipimo cha lita. Ana chupa kubwa ya bia, nayo ina sentilita 72 tu. Akiitumia, dawa itakuwa na chumvi kupita kiasi, na kumdhuru mtoto. Akitumia chupa ya maji ya lita moja na nusu, dawa itakuwa hafifu. Mama hana kosa. Kosa ni kwamba hakuna aliyemwuliza, “Nyumbani kwako wapimia nini?”

Kwa hiyo twawasihi wauguzi, na wajumbe wa afya waitwao reko, wafanye mambo matatu. Kwanza, waseme lugha ya nyumbani, iwe Kiswahili, Kifuliiru, Kivira au Kibembe. Pili, waonyeshe kwa mikono, chupa na pakiti zikiwa mezani. Tatu, wasiulize, “Umefahamu?” maana kila mtu hujibu ndiyo. Afadhali waulize, “Mama, ukifika nyumbani utafanyaje?” Akikosea, si yeye aliyeshindwa; ni maelezo yaliyopungua, nayo yarudiwe.

Hata chanjo yahitaji kuelezwa. Mwaka 2020 watu wengi wa Uvira walipewa chanjo ya kunywa. Ni kinga njema, lakini si ruhusa ya kunywa maji ya ziwa bila kuyachemsha.

Nanyi wanafunzi, wasomeeni wazazi wenu maandishi ya pakiti. Pakiti ikikosekana, jueni hivi: maji safi lita moja, sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu kijiko kidogo, vyote vya kusawazishwa, visirundikwe. Yakibaki baada ya siku moja, yamwagwe.

Kuuliza si ujinga. Anayeuliza mbele ya mwuguzi aona haya kidogo. Anayenyamaza aweza kulia siku nyingi.