Kutengeneza piano kuukuu (3): Daraja kwanza, nyuzi baadaye

Juma lililopita tulieleza jinsi ubao wa sauti unavyozeeka. Leo tuangalie daraja la sauti za juu, ambalo katika piano kubwa za zamani huchakaa bila mwenye piano kujua.

Daraja ni kipande kirefu cha mbao ngumu kilichogundishwa juu ya ubao wa sauti. Kila uzi hupita juu yake ukibanwa na pini mbili za chuma zilizoinama pande tofauti, na hapo ndipo mtikisiko wake hushuka ubaoni. Noti za juu zina nyuzi tatu tatu, kila uzi ukivutwa kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Miaka ikipita, nyuzi husukuma pini pembeni, na mbao hutanuka kwa unyevu na kusinyaa kwa ukavu. Mashimo hupanuka, kisha nyufa huunganisha shimo na shimo.

Kasoro hiyo husikika. Zuia nyuzi mbili za noti kwa kabari ya mpira, upige ule uliobaki. Sauti yake ikiyumba, bonyeza pini kwa ncha ya bisibisi. Kuyumba kukikoma, pini imelegea.

Kufunga nyuzi mpya juu ya daraja la namna hiyo ni kutupa fedha. Uzi wa noti ya juu kabisa una urefu wa sentimita 5 tu unaotoa sauti, hivyo pini ikicheza kidogo tu, noti huharibika.

Fundi makini hupima kipenyo cha kila uzi wa zamani kwa maikromita, kisha hulegeza nyuzi zote kidogo kidogo, kwa sababu fremu imebeba mvuto wa tani 15 hadi 20. Nyufa nyembamba huzibwa kwa gundi ya epoksi. Zikiwa pana, huchora kwanza mahali pa kila pini, huondoa tabaka la juu la daraja na kubandika jipya. Kimo chake kina uzito wa pekee: likiwa chini mno, nyuzi hazikandamizi ubao, likizidi, hulemaza sauti.

Kwa hiyo, kabla ya kupatana bei ya nyuzi, mtake fundi akuoneshe hali ya daraja, pini kwa pini. Asiyelikagua asikabidhiwe kazi.

Juma lijalo: kuchagua nyuzi na kuzikaza.